Mimba ya Miezi Kumi na Minne

Odeta alipewa hongera tena saa mbili na robo asubuhi, siku ileile aliyokuwa anakwenda kuliondoa tumbo lenyewe. Mlinzi wa kliniki moja ya Nyegezi alimfungulia geti dogo, akamtazama tumboni kwa adabu, akasema hongera mama, uzazi ni mlango wa chini, kushoto. Odeta akasema asante. Alikuwa ameshaacha kubishana na watu wa mageti. Akaupita mlango wa kushoto, akapanda ngazi hadi ghorofani, ambako Jumamosi ya pili ya kila mwezi daktari mmoja huja kutoka Dar es Salaam na mashine yake ya kunyonya mafuta mwilini.

Lilikuwa tumbo zuri la mimba. Hilo hata yeye mwenyewe hakulikataa, na yeye alikuwa fundi cherehani wa sare za shule pale Igoma, mwanamke anayeshinda na utepe wa kupimia shingoni. Lilikuwa la duara, limekaa juu, limetangulia mbele, na mwili mwembamba unalifuata nyuma. Alikuwa amelipima mara nyingi: sentimita mia moja na kumi na tatu kwenye kitovu. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu, kwamba ndani yake hapakuwa na mtoto.

Watu hawakuujua upungufu huo, nao walimtendea wema usiokwisha. Benki walimtoa kwenye foleni wakampeleka mbele. Kanisani alitafutiwa kiti chini ya feni. Waendesha bodaboda wanaopita kwenye mashimo ya Mkolani kama wanafukuzwa, wakimbeba yeye waliendesha kama wamebeba trei za mayai. Wateja walimkataza kuinama. Chaki ikimdondoka, mtu wa miaka sabini ndiye anaiokota. Mwalimu mmoja alimpa hongera mwezi wa tano alipoleta sketi mbili za kupunguza, akampa tena hongera mwezi wa kumi na moja alipokuja kuzichukua, kwa moyo uleule.

Alijaribu kulitoa kwa njia za watu wote. Alikunywa maji ya ndimu na tangawizi mpaka meno yakaanza kuuma. Alinunua majani ya kupunguza mwili, yakampunguza usingizi. Alivaa mkanda wa kubana uliomfanya aongee kwa vipande. Alfajiri alipanda na kushuka mawe ya Mkolani mpaka akapata miguu ya mwanariadha, na tumbo likabaki palepale, sasa likiwa na miguu imara ya kulibeba. Jirani yake Sada, muuza mitumba, ndiye aliyemwambia kuna daktari wa Dar, na ndiye aliyebaki na Queen, binti wa Odeta wa miaka minne, Jumamosi hiyo.

Lakini kuna wakati mtoto alikuwepo. Hilo Sada hakulijua.

Mwaka jana, mwezi wa nne, Odeta alikuwa na mimba ya miezi minne. Wiki moja baada ya Pasaka ikatoka. Alikuwa kwenye cherehani. Aliinuka, akakaa tena. Nestory, mumewe, fundi wa majokofu, alimpeleka hospitali kwa gari la mteja lenye friji mbili nyuma. Walimsafisha, wakampa vidonge vya siku saba, na Jumatatu akarudi kazini kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Hakuna aliyempa pole. Kwao Nestory, upande wa Ngudu, mimba haitajwi. Unaiona, unainyamazia, unamwongezea mwenye nayo mboga, na siku mtoto akilia ndipo watu wanafungua midomo. Odeta, binti wa Kihaya aliyeolewa Usukumani na kutaka kuolewa vizuri, aliishika desturi hiyo kuliko wenyewe. Kwa hiyo ilipotoka hapakuwa na wa kuambiwa. Utaanzaje kumwambia mtu kwamba mgeni ameondoka, wakati hukumwambia kwamba amekuja?

Lililobaki ni tumbo, nalo likaendelea kupewa hongera. Alichokitaka Odeta kwa daktari hakikuwa kiuno. Alitaka siku moja ipite bila mtu kumfurahia kwa mtoto ambaye hayupo.

Sista Winnie, muuguzi wa ghorofani, alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kutokula wala kunywa tangu usiku, na Odeta alikuwa amelitimiza. La pili, ndugu. Ndugu lazima awepo, na si kwa kusaini fomu tu. Pale, kama ilivyo hospitali nyingi, kitu kikishatolewa ndani ya mtu, ndugu anaitwa, anaoneshwa, anakubali kwa saini au dole gumba kwamba amekiona. Sista Winnie alieleza kwamba mafuta yana kesi nyingi kuliko uvimbe. Kuna mume aliwahi kufika na mjumbe wa nyumba kumi akidai mkewe ametolewa figo. Tangu siku hiyo mafuta yanaingizwa kwenye chupa kubwa ya kioo yenye alama za lita, na chupa inatoka nje kusalimiana na ndugu.

Ndugu wa Odeta alikuwa Nestory, na Nestory alikuwa Ukerewe. Alikwenda katikati ya wiki kutengeneza mtambo wa barafu wa wenye samaki, akaahidi kurudi Ijumaa jioni, na mpaka Ijumaa jioni mtambo ulikuwa unatoa maji ya uvuguvugu. Saa tatu kasorobo alipiga simu. Alimwambia mkewe asihofu, amemtuma mama.

"Mama yupi?" Odeta aliuliza, ingawa alikuwa mmoja tu, na muda huo alikuwa ameshashuka stendi ya Nyegezi kutoka basi la kwanza la Ngudu.

"Mama."

"Umemwambia nafanyiwa nini?"

Nyuma ya Nestory ilisikika nyundo ikipiga chuma. Kuzungumza na mama yake habari za tumbo la mkewe ni jambo lililokuwa nje ya uwezo wake, na Odeta alilijua hilo kabla hajauliza.

"Nimemwambia ni mambo yenu ya wanawake," alisema. "Akasema hahitaji kuambiwa zaidi."

Mama Nestory alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye ng'ombe kumi na tisa na maneno machache. Alipofika alianzia mlango wa chini, kwenye uzazi, akaambiwa hakuna Odeta. Akaona basi jambo ni zito, wamempandisha juu. Alizimaliza ngazi bila kupumzika. Mkono mmoja ulibeba chupa ya chai, mwingine kikapu kilichoachama mdomo. Kanga yake haikuwa imefungwa. Aliibana kwa kiwiko. Raba zake hazikuwa na kamba.

Odeta alipiga goti kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Shikamoo mayu," alisema, kama alivyofundishwa kumwita mama huko Usukumani.

"Marahaba, Mama Queen."

Akalitazama lile tumbo kama mtu anavyotazama chungu kilichokaa motoni muda wa kutosha, kisha akatazama pembeni, kama desturi inavyotaka. Aliketi kwenye benchi la wanaosubiri, akasema jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini: imechelewa, lakini imefika.

Odeta alidhani anasema safari.

Mama Nestory aliendelea, bado akitazama ukutani. Alisema tangu mwezi wa kumi, alipoona hesabu zimepita, amefungua kila kitu pale nyumbani. Wapo watu hufunga mambo ya wenzao kwa fundo. Sasa yeye hajaruhusu fundo hata moja. Ndama hawafungwi. Wameshaingia mara tatu kwenye mihogo ya jirani yake Mihayo, na kesi iko kwa mwenyekiti wa kijiji. Magunia ya mpunga yako wazi, kuku wanaingia na kutoka. Mwenyekiti alipomuuliza kwa nini hafungi ndama, hakumjibu, maana angelazimika kutaja. Atalipa mihogo. Aliyefunga ajue kwamba amefunguliwa.

Odeta alihesabu. Pasaka mwaka jana walikuwa Ngudu, tumbo likiwa la miezi minne. Krismasi walikwenda tena, tumbo likiwa palepale, na mama mkwe akampa ini lote la mbuzi bila kusema neno. Leo ulikuwa mwezi wa pili. Kwa hesabu za Mama Nestory, mkwe wake alikuwa na mimba ya miezi kumi na minne, na katika miezi hiyo yote mama wa watu hakuuliza swali hata moja, kwa heshima.

"Mayu," Odeta alisema, "hili tumbo si la..."

"Usitaje."

"Nilikuwa nataka tu ujue kwamba..."

"Najua. Usitaje. Umevumilia mpaka hapa, utaharibu mlangoni?"

Akafungua chupa ya chai, akamimina uji wa ulezi wenye pilipili manga na samli, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Hapa mambo yalikuwa magumu, maana mkwe hakatai kikombe cha mama mkwe, na mtu wa kuchomwa sindano ya usingizi hanywi uji. Odeta alisema sista amekataza. Mama Nestory aliuliza sista ana watoto wangapi. Sista Winnie, aliyekuwa anapita na trei, alijibu mwenyewe kwamba bado hajajaliwa, na Mama Nestory akaona jibu hilo limemaliza mjadala. Odeta alikishika kikombe mpaka kikaanza kupoa. Mwishowe kilipokelewa na mzee Shimba, aliyekuwa anasubiri kubadilishiwa bandeji ya kidonda cha mguu, ambaye alikunywa, akasifu pilipili, akauliza kama kipo kingine.

Likaja gauni la upasuaji. Lilikuwa la kijani, wazi kwa nyuma, lenye vikamba vinne. Sista Winnie alimfunga Odeta vikamba vyote vinne chumbani. Odeta alipotoka kuketi, Mama Nestory alikuja nyuma yake, akavifungua kimoja kimoja, bila haraka. Sista Winnie alirudi, akaona mgonjwa yuko mgongo wazi mbele ya mzee Shimba, akafunga tena. Mama Nestory akasubiri ageuke, akafungua tena. Mara ya tatu Sista Winnie alitumia plasta. Mama Nestory aliikagua plasta kwa kidole, akaona si fundo, akairidhia.

Odeta alimfuata sista hadi dirishani, akamwomba amsaidie kumweleza bibi ni nini hasa kinafanyika. Sista Winnie alisema hizo ni habari za familia, na kwamba yeye kazi yake inaanzia kwenye ngozi. Daktari alikuwa anamalizia mgonjwa wa kwanza. Zilibaki kama dakika ishirini.

Kisha, kwa wema tu, sista alipitia kwenye benchi na kumwinamia Mama Nestory.

"Bibi, wewe ndiye ndugu, si ndiyo? Tukimaliza nitakuletea hapahapa nje, uone mwenyewe, uridhike, kisha utaweka dole."

"Nimekuja kwa ajili hiyo," Mama Nestory alisema.

Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa blanketi. Lilikuwa dogo, jeupe, la pamba, lenye pindo la bluu lililofuliwa mpaka likakaribia kuwa jeupe nalo. Nestory alipokelewa ndani yake, miaka thelathini na minne iliyopita, Queen naye. Alilitandaza mapajani, akalinyoosha mikunjo, akaweka viganja vyake viwili juu yake, akakaa tayari.

Odeta aliiona ile chupa ya kioo. Aliyaona mafuta, ambayo daktari alikadiria yangefika lita mbili na nusu, yakikabidhiwa kwenye blanketi lile. Angeweza kunyamaza. Angeingia ndani, angelala, akiamka yangekuwa yameshatokea, na aliyeeleza angekuwa Sista Winnie, kama si mafuta yenyewe. Na yule mama angeshuka zile ngazi na kikapu chake, arudi Ngudu, afunge ndama, na kuanzia siku hiyo asimwangalie mkwe wake usoni. Au angeweza kutaja sasa, na kumuua mtoto huyu mara ya pili, mbele ya mzee mwenye bandeji.

Akaketi karibu, goti kwa goti.

"Mayu, nataja."

"Usi..."

"Nataja. Iliyokuwepo ilitoka. Mwaka jana, wiki moja baada ya Pasaka. Humu ndani kuna mafuta tu. Ndiyo wanayonitoa leo."

Viganja vya Mama Nestory havikuondoka kwenye blanketi. Mzee Shimba alitazama kidonda chake. Chini, kwenye uzazi, mwanamke aliita jina la mama yake, mtu akamwambia asukume.

"Pasaka ulikuwa nayo," Mama Nestory alisema.

"Nilikuwa nayo, mayu."

"Niliiona."

"Uliiona vizuri."

Alikubali kwa kichwa taratibu. Ilielekea hilo lilimsaidia kidogo, kwamba jicho lake halikukosea.

"Nani alikukanda?"

"Hakuna."

"Nani alikupikia uji?"

"Nilirudi kazini Jumatatu. Shule zilikuwa zinafunguliwa."

"Nani alikupa pole?"

Odeta alitaka kusema Nestory. Nestory alinunua soda mbili, akakaa naye kitandani mpaka zikaisha gesi, akasema friji za yule mteja zimepata mikwaruzo. Alijua hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Lakini haikuwa kitu cha kumweleza mama mtu.

"Hakuna aliyejua, mayu, wa kunipa."

"Ningejua mimi."

"Haitajwi," Odeta alisema.

Mama Nestory alilikunja blanketi mara mbili, akalikunja tena, akalirudisha kikapuni, akaweka chupa ya chai juu yake. Mikono ikiwa mitupu mapajani, aliongea kama mtu anayesahihisha hesabu aliyoifanya mwenyewe.

"Haitajwi ikiwa ndani," alisema. "Ikishatoka inatajwa. Inatajwa, watu wanakuja, wanakaa. Hilo sikukwambia. Nilikufundisha nusu."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Sista Winnie alisimama na faili, akasema Odeta, daktari yuko tayari.

"Mwambie asubiri," Mama Nestory alisema. "Tuna msiba."

Sista Winnie alishusha faili. Uso wake ukabadilika palepale, maana mtu wa kawaida hajui kuusikia msiba bila kubadilika. "Jamani, poleni. Umetokea lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nne."

Sista Winnie alitazama saa ya ukutani. Daktari alikuwa na wagonjwa watatu wengine kabla ya ndege ya jioni. Lakini hajazaliwa muuguzi wa Mwanza atakayemwambia mfiwa afanye haraka. Akasema poleni sana tena, akarudi ndani kumweleza daktari kadiri atakavyoweza.

Mama Nestory alishuka kwenye benchi. Alitandika kanga yake kwenye vigae, akaketi chini akanyoosha miguu, akavua kilemba akakiweka pembeni. Akamvuta Odeta kwa mkono mpaka naye akakaa, gauni la kijani na plasta zake mgongoni. Hakupiga yowe. Alikaa tu, kama wanawake wanavyokaa, na mtu akikuta wanawake wamekaa hivyo hahitaji maelezo.

Wa kwanza alikuwa mzee Shimba. Alijikokota na mguu wake, akainama, akatoa mkono, akasema poleni, akauliza ni nani.

"Mjukuu wangu," Mama Nestory alisema.

Mzee akasema Mungu ndiye mpangaji, akarudi akaketi, si kwenye benchi, bali sakafuni upande wa wanaume. Mfanyausafi aliegemeza fagio ukutani, akaja. Binti wa mapokezi alipanda kuuliza habari za faili fulani, akakuta hali ile, akapiga magoti, akasahau faili. Habari ilishuka ngazi yenyewe. Mlinzi wa getini alikuja na kofia mkononi. Alimtambua Odeta, akatazama tumbo, akaelewa kitu, au hakuelewa. Alisema pole mama, na hilo tumbo hakulitazama tena. Wanawake wawili waliokuwa wamemsindikiza mzazi wa chini walipanda na kanga zao, wakakaa pande zote mbili za Odeta bila kumjua, mmoja akamshika goti.

Odeta alilia kidogo. Kisha akalia sana. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwanamke wa kushoto alisema lia mama, na yule wa kulia akamfuta pua kwa ncha ya kanga kama mtoto.

Ilipita nusu saa. Daktari Mbaruku alitoka mwenyewe, kofia ya kitambaa kichwani, viatu vya mpira miguuni. Alitazama watu wanane waliokaa sakafuni mwake. Akachuchumaa, akasema poleni, akapokea mkono wa Mama Nestory. Halafu alimwambia Odeta, kwa sauti ya wao wawili, kwamba kama moyo hauko sawa wanaweza kuahirisha hadi mwezi ujao, yeye atakuja tu, mafuta hayakimbii. Akamuuliza kama bado anataka.

Mama Nestory hakumjibia. Aligeuza uso akatazama dirisha ili mkwe wake ajibu.

Odeta alifikiri kwa kweli. Alifikiri labda sasa, baada ya haya, tumbo lingeweza kubaki, kwamba limeshapata pole yake. Akaliangalia. Lilikuwa palepale, la duara, limekaa juu, na keshokutwa lingekwenda benki.

"Bado nataka, daktari," alisema. "Nimechoka kupewa hongera."

"Wamempa hongera nyingi mno," Mama Nestory alimweleza daktari. "Za bure."

Daktari alisema sawa. Alieleza mambo ya baadaye: mkanda wa kubana wiki sita, dawa kwa wakati, asinyanyue mtoto kwa muda, na asikandwe tumbo kwa maji ya moto. Hapo Mama Nestory aligeuka.

"Kwa siku ngapi?"

"Wiki sita, mama."

"Wiki sita ni nyingi. Huyu hajakandwa tangu mwaka jana."

"Tumbo haliwezekani, mama."

"Na mgongo?"

Daktari Mbaruku alifikiri. Hakuna kitabu chochote alichosoma kilichokuwa na sehemu hiyo. "Mgongo kwa taulo la uvuguvugu," alisema, "siyo moto."

"Nitaanza na mgongo," Mama Nestory alisema, na ikaeleweka kwamba harudi Ngudu leo wala wiki hii, na kwamba Mihayo aendelee kuvumilia kuhusu mihogo, ingawa alimwomba binti wa mapokezi simu, akampigia mtu wa nyumbani, akamwambia maneno mawili kwa Kisukuma. Odeta aliyaelewa. Alikuwa anasema wafunge ndama.

Akatoka dada wa usingizi, Safia, kijana mwenye hijabu ya bluu na ubao wa fomu. Alitaka kumuuliza Odeta maswali ya mwisho faragha, lakini watu walikuwa wamekaa mpaka mlangoni na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuondoka, basi akauliza palepale. Kuna dawa inayomdhuru? Hakuna. Ana pumu? Hana. Amewahi kulazwa?

"Mara moja," Odeta alisema. "Siku moja."

"Mimba ngapi?"

Odeta alifungua mdomo.

"Mbili," Mama Nestory alisema kutoka sakafuni, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, hivi kwamba hata waliokuwa kwenye ngazi waligeuka.

Safia alimtazama Odeta. Odeta alikubali kwa kichwa.

"Walio hai?"

"Mmoja," Mama Nestory alisema. "Anaitwa Queen, yuko kwa jirani. Wa pili alikuwa wa mwezi wa nne."

Safia aliandika mbili, akaandika mmoja, akageuza ukurasa. Wanawake wawili wa kanga walimwinua Odeta, kila mmoja upande wake, wakamfikisha mlangoni, na Sista Winnie akampokea kutoka hapo. Mama Nestory hakuinuka. Alibaki chini, miguu ameinyoosha, na kwa kuwa watu walikuwa bado wanapanda ngazi, akaendelea kupokea pole.